Kitambaa Tulichokiacha Ndani

Wajukuu zangu, marahaba. Hata kama hamjanisalimia, nimeshaitikia.

Mnakuja hapa kwangu Kiseke kila Jumamosi na vitambaa vyenu kwenye mifuko, mnaniuliza mambo mawili matatu ya ushonaji, kisha mnakaa mkekani na simu zenu. Juzi mmoja wenu alinionyesha kwenye simu picha ya dada mwenye kiuno cha nyigu, na chini ya kiuno amejaa utadhani amefungiwa mito miwili. "Bibi, gauni la hivi linabanwaje?" Nikasema sijui. Ninajua, tena sana. Nilikuwa nimechoka tu, na nikichoka huwa sijui chochote.

Leo nitawajibu, lakini kwa njia yangu, na msinikatize. Mgongo huu umeinamia cherehani tangu nikiwa msichana mpaka macho yakakataa kuona tundu la sindano. Nimepima wanawake wa Mwanza wa kila namna: Wasukuma wenye ng'ombe, Wahaya wa maofisini, Wajaluo wa sokoni, Wakerewe waliovuka asubuhi wakitaka kurudi na gauni jioni. Ninyi mnadhani fundi anajua nguo. Fundi anajua miili, na baada ya muda anajua kila mmoja aliambiwa nini kuhusu mwili wake na ni nani aliyemwambia. Hilo ndilo lililonichosha, cherehani wala hakikunichosha.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Magesa, Mjita wa upande wa Mara, aliyekuwa na vyerehani viwili kwenye baraza la duka la vitambaa pale mjini. Wiki zangu za mwanzo alikuja mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe. Nikampima nyonga, nikapaza sauti kumtajia mzee aliyekuwa ndani akikata kitambaa. Yule mama alifurahi mno. "Rudia, binti, hao wa nje hawajasikia." Nikarudia. Baraza zima likacheka na yeye akacheka, akaondoka akitembea polepole ili aonekane vizuri.

Nikadhani nimepata mbinu ya biashara. Aliyefuata alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mpole. Nikapaza sauti ileile. Safari hii hakuna aliyecheka; mtu mmoja tu akasema "Eeh," kwa kuvuta. Yule mwalimu akavaa viatu vyake na hakurudi tena, hata kitambaa chake hakukifuata.

Mzee Magesa akanivua futi ya kupimia shingoni. "Mwanangu, namba ya mtu haitangazwi balazani. Unapima, unanyamaza, unakumbuka." Ulimi wake haukuiweza herufi r, na siku nyingine akisema hivyo tulikuwa tunamtania. Siku ile sikuthubutu. Nilifagia vipande vya vitambaa wiki nzima bila kugusa cherehani, na tangu hapo sijamtaja mtu namba kwa sauti.

Jambo la pili alilonifundisha ni akiba. Nikifumua nguo zenu za siku hizi nakuta mshono umekatwa karibu na uzi, hakuna kitu ndani. Sisi tuliacha kitambaa ndani ya mshono, vidole vitatu kila ubavu, na kwa gauni la bibi harusi tuliacha zaidi. Gauni lile lilishonwa kwa mwili wa siku ya harusi na kwa mwili wa mwaka unaofuata. Mke alitarajiwa kunenepa. Akikaa mwaka bila kunenepa, wifi na shangazi walianza kuulizana mezani, na aliyeaibika ni mume. Kwa hiyo akiba ile haikuwa yako wewe uliyevaa tu. Ilikuwa ya ukoo mzima, wakingoja siku watakayokupeleka na gauni kwa fundi na kusema kwa furaha, "Mwachie huyu mshono, amepata mwili."

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na chale tumboni na kiunoni, mistari midogo iliyopangwa vizuri, na alikuwa anatuita wajukuu tupapase. Kwake tumbo lisilo na chale lilikuwa tumbo la mtoto. Mama yangu hakuchanjwa, kanisa lilikuwa limeshaingia, lakini alikuwa na mikunjo miwili shingoni na mwanya mbele, na baba alimsifia hivyo vyote mbele yetu bila haya. Nilishona shingo pana kwa ajili ya mikunjo hiyo kwa miaka. Kulikuwa na akina mama wa Kijaluo waliong'olewa meno ya chini walipokuwa wasichana. Wao walicheka midomo wazi kabisa, na mabinti zao wenye meno yote walikaa pembeni wakiona aibu kwa niaba ya mama zao.

Nawasikia mkisema zamani kila mtu alipendwa alivyo. Nani kawadanganya? Msichana mweupe alitolewa ng'ombe wengi zaidi, kila mtu alijua, na msichana mweusi alijua kuliko wote. Mimi ni mweusi, na nilikuwepo. Ndiyo maana mafuta ya kujichubua yalipojaa madukani, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikaingia, hayakuhitaji mtu wa kuyatangaza. Nilipima wateja waliokuwa weupe usoni kama mayai, lakini nikifika mikononi kupima urefu wa mkono wa gauni, vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi vilevile. Nilipima, nikanyamaza.

Na mitumba! Mitumba ilitufundisha mengi sisi mafundi. Mwanamke ananunua gauni zuri kwenye rundo la mnadani, linamkwama nyongani, analeta. "Fundi, niachie kidogo." Nafumua, naangalia ndani, hakuna kitu. Zile ni nguo za watu wasiotarajia kunenepa hata siku moja. Nilikuwa nakaa nazo mapajani nikiwaza, hao waliozishona wanaishi vipi, mtu anajuaje kwamba mwakani atakuwa vilevile? Tukawa tunabandika vipande ubavuni, rangi haifanani, mteja anakasirika na mimi nimekasirika. Kisha mabinti wa wateja wangu wakaanza kuona kwenye video na televisheni wasichana wembamba wanaotembea wakishindana kwa uzuri, nao wakaja wananiambia kwa siri, "Fundi, mama asijue, kata hiyo akiba, nguo inanitunisha." Mama anataka niache, binti anataka nikate, mimi katikati na mkasi.

Hayo yote yangekuwa ya kucheka tu, ila miaka hiyohiyo neno moja liliharibika.

Zamani ukikutana na mtu hujamwona siku nyingi ulimwambia, "Umekonda, vipi?" na lilikuwa neno la huruma. Maana yake njoo ule. Ukimwi ulipotukaa vizuri, neno lile likawa kama kumtupia mtu jiwe. Barazani kwetu likaacha kutamkwa. Mtu aliyekonda tulisema amebadilika mwili. Mtu mnene alitembea kifua mbele kama mwenye cheti cha hospitali, na mtu aliyezaliwa mwembamba hakuwa na pa kujificha.

Mmoja wao alikuwa Minza.

Minza alikuwa binti wa hapa hapa Kiseke, mwembamba tangu utotoni, kama baba yake na kama shangazi zake wa upande wa baba. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara. Mnajua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kuondolewa kwenda Ulaya, kichwa na mgongo na mkia, tuliinunua tukaikaanga. Basi wenzake kiwandani wakamwita Panki. Aliitikia, akacheka nao. Kiwandani hapo alikuwepo kijana mmoja wa mizani, Masanja, mwenyeji wa Sengerema, yeye alimwita Minza kwa jina lake, na ndivyo walivyopendana.

Siku moja mama yake akaja naye barazani kwangu. Wakati huo nilikuwa na baraza langu mwenyewe, Mzee Magesa anakuja tu kukaa na kunikosoa. Mama Minza alikuwa ameshaniagiza gauni la harusi, satini nyeupe, akiba kubwa kila ubavu, maana yeye hakukata tamaa na mwili wa mwanawe. Sasa alikuja na jambo jingine.

"Mama Kulwa, watu wa Masanja wanavuka ziwa na pantoni kutoka Kamanga Jumapili ijayo. Shangazi yake ndiye anayekuja kumwangalia mtoto. Nifanyie kitu."

"Kitu gani, mama?"

"Mjazie."

Minza akasema, "Mama, Masanja ananijua nilivyo."

"Ng'ombe si wa Masanja. Ni wa baba zake, na baba zake wanamsikiliza dada yao." Kisha akanisogelea. "Unajua wanavyosema siku hizi wakimwona mtu hivi. Watadhani..." Hakumaliza. Sisi wote watatu tulijua watadhani nini.

Minza akaniangalia, akainua mabega. "Shona tu, fundi. Alale usingizi huyu."

Nilimwambia mama yake alete pamba iliyochambuliwa, kama ya watengeneza magodoro. Yeye akaenda kwa kaka yake huko Magu akarudi na kiroba cha pamba ya shambani, na mbegu zake ndani. Tukakaa tukatoa mbegu kwa mkono mpaka kucha zikauma. Nikashona shimizi ya tabaka mbili, pamba katikati, nikaipiga mishono ya mistari ili isiteremke. Nilishona vizuri. Anayetaka niseme nilijuta atangoja sana. Kushona ni kazi yangu na ile ilikuwa kazi safi.

Minza akaivaa, juu yake kitenge, akasimama mbele ya kioo. Mama yake akaanza kulia. "Ona mtoto wangu alivyo mzuri. Ona jamani." Aliuzunguka mwili ule wa pamba akiupapasa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikirekebisha pindo, nikainua uso, nikaona Minza anamtazama mama yake kwenye kioo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kusikia mama yake akimwita mzuri. Iliniuma, na bado inaniuma.

Jumapili wakaja, shangazi na akina mama wenzake wawili. Mimi nilikuwepo kama fundi, kama kuna kitu kitafumuka. Shangazi alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye mikono mikubwa ya mkulima, na alikuja na uso wa furaha, niseme ukweli. Minza akapiga magoti akasalimia, akawanawisha mikono. Walimtazama shingo, wakamtazama visigino, wakaangaliana. Shangazi akacheka. "Njoo basi nikushike, mkwe wangu." Akamkumbatia pale alipokuwa amekaa, mikono yote miwili nyongani.

Mikono ikasimama.

Nisikilizeni. Yule mama alikuwa ameshindilia pamba kwenye magunia maisha yake yote. Ungeweza kumdanganya kwa sponji, ungeweza kumdanganya kwa matambara. Alibonyeza mara moja, akabonyeza tena, kisha vidole vyake vikapata mbegu moja iliyotuponyoka, akaiviringisha juu ya kitenge huku kila mtu anaona. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pamba hii safi au fifi?"

Wenzake waliangua kicheko. Kwa wasiolima, safi ni pamba ya daraja la kwanza, fifi ni ile yenye madoa ambayo mnunuzi anaitupa pembeni. Mama Minza alicheka kuliko wote, akitaka jambo ligeuke mzaha. Hata mimi nilibana kicheko. Shangazi hakucheka. Alimwachia Minza taratibu, akasema, "Mtu mwembamba tungempa maziwa. Huyu anafichwa. Anafichwa nini?"

Chakula kilikuwa mezani, kuku wawili na wali, walikuwa wameshanawa mikono, na hawakula. Wakasema watawahi pantoni. Minza alibaki amepiga magoti na birika la maji, na nyonga zile nzuri nilizomshonea.

Habari ilifika kiwandani kabla yake. Masanja alikuja kwangu barazani, amekonda kwa mawazo, akasema, "Fundi, mwambie anisubiri, nitaongea nao." Alikuwa kijana mwema, ila kwao hakuwa na sauti. Kabla pamba ya msimu uliofuata haijachumwa, alikuwa ameozeshwa msichana mwingine aliyetafutwa na shangazi, mweupe, wa duara, mwanya mbele. Msichana mzuri, na hana kosa lolote katika habari hii.

Minza akaachwa na watu wanaomtazama. Hapa ndipo napenda mnielewe. Akikohoa, majirani wanaangaliana. Akivaa sweta kwa sababu ya baridi ya kiwandani, wanasema anaficha mikono. Kila mwezi walimwangalia kama amepungua, na kwa kuwa hakuwa na cha kupungua, walisema bado kidogo. Wachumba hawakukaribia. Siku moja alikuja kukaa kwenye benchi langu bila shida yoyote ya nguo.

"Wananingoja nife, fundi," akasema. "Na mimi nakula. Nakula mpaka natapika. Sinenepi."

Mzee Magesa alikuwa amekaa pale. Alikuwa mzee sana wakati huo, karibu arudi kwao moja kwa moja. Akamwambia, "Usitapike chakula, mama, chakula ghali." Minza akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nami nikamshukuru mzee kimoyomoyo.

Mzee huyo ndiye aliyenipa somo la mwisho, na ninyi mlioshika mkasi mlichukue. Miaka ile kazi yetu kubwa iligeuka. Hatukuwa tunaachia tena, tulikuwa tunabana. Watu walileta nguo zao wenyewe, au ndugu waliwaletea, na kila baada ya miezi michache nguo ileile ilirudi. Nikawa nakata kitambaa kinachozidi, ili mshono ukae vizuri. Mzee akanizuia mkono. "Usikate. Kunja, laza ndani, piga pasi. Ukikata umemwambia hatalejea." Kazi ya kulaza ni ngumu, kitambaa kinavimba ubavuni, lazima ukigawe pande mbili na ukipige pasi ya mkaa mpaka kitii. Lakini nililaza. Nguo nyingi za watu wa Mwanza zilizikwa na wenyewe zikiwa na kitambaa chote ndani.

Basi akaja shangazi wa Masanja.

Sikumtambua mara moja, alikuwa kichwa wazi na amezeeka ghafla. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mayu," akaniitikia, yaani mama kwa Kisukuma. Akaweka mfuko mapajani, akatoa gauni. "Nipunguzie hili. Mkwe wangu amebadilika mwili kidogo." Alivuka ziwa kuja kwangu, na Sengerema mafundi wapo. Nikaelewa kwamba alikuja kwangu kwa sababu hakutaka wa kwao wajue. Nikapima gauni la mfano alilokuja nalo, lililomwenea mkwe wake, nikanyamaza, nikalaza. Alipoipokea nguo akaigeuza ndani nje, akatazama.

"Hukukata?"

"Sikukata, mama. Akipata mwili unamleta, namwachia."

"Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma.

Alirudi na gauni hilohilo, akarudi tena. Mara ya mwisho hakuleta gauni. Alileta suruali. Niliitambua kuwa ni ya Masanja, na sikuuliza. Nikiwa naipiga pasi akasema, bila kunitazama, "Yule mtoto wa Kiseke. Yupo?"

"Yupo, mama. Anaenda kazini."

"Vilevile?"

"Vilevile."

Nilimaliza kuipiga pasi, nikamkabidhi. Kisha akauliza, na safari hii alitaka kweli kujua, "Sasa alikuwa anafichwa nini?"

"Wembamba, mama. Wembamba tu."

Alikunja suruali, akaiweka kwenye mfuko kama anaweka mtoto, akaenda zake. Hakurudi. Kama kuna anayedhani nilifurahi, amekosea nyumba. Nikamsimulia Minza. Alikwenda nyuma ya baraza akakaa huko peke yake, akarudi macho mekundu, akaniomba maji. Masanja alikuwa amemwita kwa jina lake.

Baadaye, watu walipochoka kumngoja afe, alikuja fundi wa mitumbwi kutoka Ukerewe, mtu wa maneno machache na mabega mapana, akamchumbia. Mama Minza akanijia na furaha iliyochoka. Gauni la satini lilikuwa bado kwangu kabatini. Akasema, "Limbane sawasawa na mwili wake, na hiyo akiba kata. Amekataa kunenepa huyu, ya nini tena?" Nikasema sawa. Nikaingia ndani, nikaikunja, nikailaza, nikaipiga pasi mpaka ikatii. Minza aliolewa amebeba ubavuni kitambaa chote kile na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na yeye, maana nilimwonyesha. Hakunenepa. Alizaa, akalea, akafungua kibanda chake cha dagaa, na mpaka leo ni yuleyule.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya ile picha mliyonionyesha kwenye simu, alinijia hapa na binti yake Kabula, aliyemaliza chuo Nyegezi. Kabula anaolewa, na anataka gauni la mama yake. Nikamtazama yule binti akiingia mlangoni, nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Amechukua kwa bibi yake wa Ukerewe. Ana nyonga, ana miguu, ana mikunjo miwili shingoni ambayo mama yangu angemwonea wivu.

"Shikamoo bibi. Najua halitanienea," akasema kabla hajakaa. "Napungua kwanza. Nimeacha wali, na kuna majani nakunywa asubuhi."

"Machungu?" nikamuuliza.

"Machungu sana."

Minza akasema, "Bibi yake wa Kiseke alimwomba Mungu nyonga hizo miaka yote, mimi nikanyimwa. Zimekuja kwa huyu, na huyu hazitaki." Alisema bila hasira, amechoka tu kama mimi.

Nikampima. Macho yangu hayasomi futi tena, ikabidi Kabula asome mwenyewe. Aliangalia namba, akainama akaninong'oneza sikioni. Hakuna aliyemfundisha kunong'ona. Nikakumbuka, nikanyamaza.

Kisha tukalitandaza gauni kitandani. Nje satini ilikuwa imegeuka, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Nikashika wembe nikafumua mshono wa ubavu taratibu, nikafungua mkunjo wa kwanza, nikafungua wa pili. Kitambaa cha ndani kilikuwa cheupe kama siku niliyokikata. Nikaachia chote, upande huu na upande ule, nikalishikiza kwa pini mwilini mwa Kabula. Likamwenea. Halikumbana popote.

Alijitazama kwenye kioo. Michirizi miwili myeupe ilishuka kutoka kwapani mpaka pindoni, huku gauni zima limebadilika rangi.

"Bibi, itaonekana kwamba liliachiwa. Huwezi kuweka lesi juu yake? Watu wataniuliza."

Nikamwangalia Minza. Alikuwa amepiga magoti kumrekebishia mwanawe pindo, na alipitisha mkono kwenye ule mchirizi mweupe, polepole, kutoka chini kwenda juu.

"Usiweke lesi, Mama Kulwa," akasema. "Na wewe, wakikuuliza, waambie kitambaa hicho kilikuwa chako kabla sijakuzaa. Na yale majani kayamwage."

Kabula alishusha pumzi, akaliacha tumbo lake lilegee ndani ya gauni, na bado likamwenea. Nikampa sindano anitungie uzi.